Msinitangaze kwa picha ya marehemu baba halafu mnizimie gitaa jukwaani

Mbukwenyi wakuu.

Nimeandika nikiwa na hasira, naomba mnisome hadi mwisho. Napiga gitaa la umeme, muziki wa roki, hapahapa Dodoma, mwaka wa tisa huu. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mpiga zeze na ilimba, lile sanduku la mbao lenye vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Ukifika Bahi au Mvumi ukataja jina la ukoo wetu, wazee wanakuvutia kiti. Simtaji hapa, jina lake limeshatumika vya kutosha bila ruhusa.

Mwezi uliopita promota mmoja alituita kupiga kwenye ukumbi wa hapa mjini. Tukakubaliana 400,000, nusu kabla, nusu baada. Nyimbo zetu alikuwa nazo zote, nilimtumia mwenyewe kwa WhatsApp.

Siku mbili kabla ya onyesho mama alikwenda soko la Majengo kununua mlenda, akakuta bango ukutani. Picha ya baba imejaa bango zima, kashika zeze, ileile tuliyoiweka juu ya jeneza. Chini kwa herufi ndogo: mwanaye atapiga nyimbo zake. Jina langu halipo. Mama akanipigia akiwa amesimama palepale. "Mwanangu, mbona baba yako yuko ukutani?" Sikuwa na la kumjibu.

Promota nilipompigia akaniambia, "Dogo, bila mzee wako nani atakata tiketi?"

Nikaenda, kwa sababu wenzangu walishakodi gari la kubeba drami. Wimbo wa pili, nilipokanyaga tu pedali ya kukwaruza mlio, gitaa likakata. Nikadhani waya. Nikainama, taa ya pedali inawaka. Kugeuka, fundi mitambo kanishusha hadi sifuri, ananionyesha kwa kidole promota aliyesimama nyuma yake. Mzee mmoja meza ya mbele akapaza sauti: "Piga vitu vya baba yako, acha kelele za Kizungu!"

Hizo "kelele za Kizungu" ndizo zilizonichoma kuliko hela.

Ninyi mnaojifanya walinzi wa muziki wa Kigogo, mmewahi kuishika ilimba? Nimekua nikimwangalia baba akiitengeneza. Akishatoboa tundu kwenye sanduku, analifunika kwa utando wa buibui, ule mweupe anaofunikia mayai. Sisi watoto ndio tuliotumwa kuubandua ukutani, taratibu, ukichanika unarudishwa kutafuta mwingine. Bila utando ule ilimba inalia safi kabisa, na baba akiisikia hivyo anasema bado haijawa ilimba. Alichokuwa anakitafuta ni ule mvumo, ule mkwaruzo. Pedali yangu inafanya kazi ya buibui yule. Mlio ule nimeutoa nyumbani kwetu.

Na kama mnataka mkubwa wa kututishia, basi tumtaje Hukwe Zawose, gwiji wa muziki wa Kigogo, mzaliwa wa kijiji cha Doduma, hukuhuku Dodoma. Mwaka 2002, mwaka mmoja kabla hajafariki, alitoa albamu ya Assembly pamoja na Michael Brook, mpiga gitaa wa Kanada, kwenye lebo ya Real World ya Peter Gabriel, mwanamuziki wa roki wa Uingereza. Mzee wa zeze mwenyewe hakulikimbia gitaa la umeme. Mwanawe Msafiri mwaka 2017 akatoa Uhamiaji, humo ndani kuna muziki wa Kigogo na midundo ya kielektroniki. Nani alimzimia mitambo?

Sikatai kwamba jina la baba limenisaidia. Studio ya kwanza niliyorekodi ilikuwa ya rafiki yake, hakunidai hata shilingi. Lakini mtazameni Jakob Dylan, mwanamuziki wa roki wa Marekani, mtoto wa Bob Dylan. Februari 1998, usiku uleule baba yake anachukua Grammy ya albamu ya mwaka, yeye na bendi yake The Wallflowers walichukua mbili za roki kwa wimbo wao, One Headlight. Wimbo aliouandika mwenyewe. Baba na mwana, kila mmoja na kazi yake mkononi. Mimi nimenyimwa hata kumaliza wimbo wa pili.

Baada ya onyesho promota akagoma kunipa 200,000 iliyobaki, eti sikupiga kilichotangazwa. Nani alitangaza? Mpiga besi wangu ana mtoto mchanga, alikuwa anaitegemea ile hela.

Mjomba anataka twende polisi. Mama hataki jina la mumewe lifike kituoni. Wenye uelewa wa haki za picha ya marehemu, familia inaanzia wapi, COSOTA, yaani ofisi ya hakimiliki, au mahakamani moja kwa moja? Mapatano yote yapo kwenye simu, sijafuta kitu. Bango la Majengo nimelibandua mwenyewe jana usiku. La stendi ya Nanenane bado lipo.