Ulinganisho: 11-2 ya ratiba laini au 9-3 ya ratiba ngumu, ipi inastahili kuingia mtoano?

MtuWaPangani (Columbus, Ohio)

Habari wakuu.

Najua wapenzi wa futiboli ya vyuo vya Marekani humu ndani tuko wachache, lakini tunajuana. Kazini kwangu ubishi haujaisha tangu Desemba 2024, siku kamati ya uteuzi ilipoiweka SMU, chuo cha Dallas, nafasi ya 10 na Alabama ya 11. Mtoano ulikuwa na nafasi 12, ila mbili zilichukuliwa na Arizona State na Clemson, mabingwa wa konferensi zao (makundi ya vyuo yanayocheza ligi zao) waliopangwa chini ya hao, kwa hiyo mstari ukapita katikati ya SMU na Alabama. SMU 11-2 (ushindi 11, vipigo 2) ndani, Alabama 9-3 nje. Watetezi wa Alabama wana neno moja tu midomoni: ratiba.

Kwa wageni: daraja la juu msimu wa 2025 lilikuwa na timu 136, na kila moja inacheza mechi 12 za msimu wa kawaida, nyingi ndani ya konferensi yake. Timu mbili zinaweza kumaliza msimu bila kukutana na mpinzani hata mmoja wa pamoja. Ndiyo maana watu wanafungiwa hotelini kupanga nani bora.

Njia ninazozisikia ni nne. Rekodi tupu: umeshinda ngapi, umefungwa ngapi, basi. Asilimia ya ushindi ya wapinzani wako. Halafu ile ESPN wanayoiita Strength of Record, yaani nguvu ya rekodi, inayouliza timu ya kawaida kati ya 25 bora ingekuwa na uwezekano gani wa kupata rekodi kama yako kwa ratiba hiyo hiyo. Na mwisho viwango vya nguvu kama FPI na SP+, vinavyopima uchezaji ili kutabiri nani atamshinda nani kesho.

Ipi mnaiamini? Naomba hoja, kelele za Ohio State ninazo za kutosha ofisini.

Shangazi_Dallas

Mimi rekodi tupu, na sibanduki.

Wachezaji hawapangi ratiba. Mechi za nje ya konferensi husainiwa miaka mingi kabla. Kijana anayecheza leo alikuwa shule ya msingi mkataba ulipoandikwa. Unamwadhibu kwa saini ya mkurugenzi wa michezo ambaye pengine alishastaafu?

Nikumbushe UCF, chuo cha Florida, 2017. Mechi 12, ushindi 12. Kamati ikawapa nafasi ya 12, hoja ikiwa ni kwamba hawajacheza na mtu. Wakapelekwa Peach Bowl, moja ya mechi kubwa za kufunga msimu, kucheza na Auburn, timu ambayo Novemba ile ile ilikuwa imeipiga Georgia 40-17 na Alabama 26-14. UCF wakaifunga Auburn 34-27. Wiki moja baadaye fainali ya taifa ikachezwa na nani? Alabama na Georgia! UCF wakamaliza 13-0 na wakajitangaza mabingwa. Watu wakawacheka. Mimi sikucheka.

Mhasibu_Mstaafu

Dada, UCF nakuunga mkono, lakini rekodi tupu ina shimo. Liberty 2023 walimaliza 13-0 kwa ratiba laini kuliko karibu timu zote, wakaenda Fiesta Bowl, Oregon wakawachapa 45-6. Ukihesabu ushindi tu, Liberty alikuwa sawa na Michigan aliyechukua ubingwa mwaka ule.

Ila njia ninayotaka kuizika kabisa ni ya pili, asilimia ya wapinzani. Enzi za BCS, mfumo wa zamani wa kupanga nani acheze fainali, walichanganya theluthi mbili rekodi ya wapinzani wako na theluthi moja rekodi ya wapinzani wa wapinzani wako. Inaonekana ya kisayansi, lakini haisimami. Chukueni kalamu.

Ratiba A: wapinzani 12, wote 6-6. Wastani 50%.
Ratiba B: wapinzani sita wasiofungika, 12-0 kila mmoja, na vibonde sita, 0-12. Wastani 50% vilevile.

Sasa mpe timu bora. Kwenye A, tuseme ana uwezekano wa 85% kila mechi. Kushinda zote 12 ni 0.85 ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe mara 12, yaani kama 14%. Kwenye B vibonde anawapiga bila jasho, lakini wale sita ni shilingi hewani: nusu ikizidishwa hivyo hivyo mara sita, mara moja kati ya 64. Haifiki 2%. Kwenye karatasi ratiba zinalingana, uwanjani moja ni ngumu mara tisa hivi.

Mgeuzie timu dhaifu na mambo yanapinduka: B inamzawadia mechi sita rahisi, A inamsaga kila wiki. Kwa hiyo ukiniuliza ratiba hii ni ngumu kiasi gani, nami nitakuuliza, ngumu kwa nani? Nguvu ya rekodi ndiyo pekee inayojibu hilo, maana inamweka mtu mmoja yule yule kwenye viatu vya kila timu. Kura yangu iko hapo.

nimekaa_pale

Mzee umemaliza. Uzi ufungwe.

Bandari_Boy (Nashville)

Usifungwe kwanza.

Mimi naishi Nashville. Tarehe 5 Oktoba 2024 Vanderbilt waliifunga Alabama iliyokuwa namba moja, 40-35. Mashabiki waling'oa nguzo ya goli, wakaibeba mabegani hadi Broadway katikati ya baa na honi za magari, wakaenda kuitosa mto Cumberland. Polisi wanaangalia tu. Vanderbilt hao hao walimaliza msimu wa kawaida 6-6. Oklahoma nao, 6-6, wakaipiga Alabama 24-3. Alabama si hata tachidauni moja, yaani bao la kuvuka mstari!

Hoja ya ratiba ngumu inakusaidia ukifungwa na vigogo. Alabama walimfunga kigogo, Georgia, 41-34, halafu wakaanguka kwa timu za katikati. Hesabu gani itafuta hiyo?

Mhasibu_Mstaafu

Hakuna inayofuta, na nguvu ya rekodi haijaribu kufuta. Kufungwa na timu ya 6-6 kunakugharimu zaidi ya kufungwa na timu ya 11-1.

Mwana wa Likoni

Waungwana, hili si geni hata kwetu tunaokesha na mpira wa Ulaya. Tangu msimu wa 2024/25 Ligi ya Mabingwa ni timu 36, mechi nane kila moja, wapinzani tofauti. PSG wakapangiwa Arsenal, Bayern, Atletico na Manchester City. Wakafungwa mara tatu, wakamaliza wa 15, na baraza zima hapa Mombasa likawasomea hitima mapema. Mei wakachukua kombe, Inter kala tano bila. Waliokuwa wakiutazama msimamo bila kuangalia waliocheza na nani walishangaa peke yao.

Tofauti ni kwamba Ulaya, ukiwa wa 15 bado unacheza hatua ya mchujo. Hao ndugu wa Marekani wa 11 anarudi nyumbani.

Shangazi_Dallas

Na wapinzani wa PSG walitoka kwenye kura. Alabama wana mkono kwenye ratiba yao. Novemba ile walicheza na Mercer, timu ya daraja la chini, 52-7. Hiyo nayo tuiite msalaba wa ratiba ngumu?

Dereva_wa_I75

Mimi nimesubiri mtu ataje Florida State 2023, hakuna. Nitaje mwenyewe.

13-0. Waliifunga LSU 45-24, wakaifunga Clemson kwao kwenye muda wa nyongeza, wakachukua ubingwa wa konferensi yao, ACC. Nafasi zilikuwa nne tu wakati huo. Kamati ikawaacha, ikachukua Alabama 12-1. Haikuwahi kutokea bingwa wa konferensi kubwa asiyefungwa akaachwa nje tangu mfumo ule uanze 2014.

Sababu ilikuwa mguu wa mtu mmoja. Jordan Travis, kwotabeki wao (anayeongoza mashambulizi), aliumia tarehe 18 Novemba dhidi ya North Alabama, mechi ya kibonde kabisa. Walishinda mbili zilizofuata bila yeye, ya mwisho 16-6 dhidi ya Louisville. Ngome ilikuwa chuma, mashambulizi yanachechemea. Kamati ikasema hii si timu ile ile.

Hapa ndipo mnapogongana bila kujua. Kuna maswali mawili. La kwanza: nani amefanya kazi kubwa zaidi? La pili: nani angeshinda wakicheza Jumamosi ijayo? Rekodi na nguvu ya rekodi zinajibu la kwanza. FPI, SP+ na jicho la kocha vinajibu la pili. Mtu wa Alabama 2023 alitumia swali la pili, mtu wa Florida State la kwanza, wote wakaita jibu lao "ugumu wa ratiba". Mwaka uliofuata SMU akaingia kwa swali la kwanza. Kamati yenyewe haijawahi kuchagua moja ikakaa nalo.

Na msiniletee ile 63-3 ya Orange Bowl dhidi ya Georgia. Wachezaji wengi wa kikosi cha kwanza cha FSU walikuwa wamejitoa. Mechi ile haithibitishi lolote.

MtuWaPangani

Hii ya maswali mawili nimeinakili, Jumatatu inaenda ofisini.

Lakini kuna kitu bado kinanikera. Ugumu wa ratiba tunaujuaje Septemba, wakati hakuna aliyecheza? Naona timu za SEC, konferensi ya akina Alabama na Georgia, zinapangwa juu kabla ya msimu, zinafungana zenyewe kwa zenyewe, na kila kipigo kinahesabiwa "kizuri" kwa kuwa aliyekufunga naye alipangwa juu.

Bi_Takwimu

Ni duara, ndiyo, na haliwezi kuvunjwa ila na mechi za nje ya konferensi, ambazo ni tatu au nne kwa timu. Hapo ndipo jina linapofanya kazi ambayo takwimu hazijafanya. Viwango vya nguvu vya mwanzo wa msimu navyo vinategemea miaka iliyopita na sifa za vijana waliosajiliwa, kwa hiyo kigogo anaanza na mtaji.

Mfano mzuri ni mwaka 2025. Alabama walianza kwa kufungwa 31-17 na Florida State. Wiki ile ilionekana kipigo cha heshima, maana FSU walionekana wamerudi. FSU wakamaliza 5-7. Kipigo ni kile kile, thamani yake ilishuka wiki baada ya wiki. Ndiyo maana mimi sisomi orodha yoyote ya ugumu wa ratiba kabla ya katikati ya Oktoba. Alabama wakafungwa tena 28-7 na Georgia kwenye fainali ya SEC, wakawa 10-3, na bado wakaingia.

Upande wa pili kuna Indiana. 2024 walikuwa 11-1, wakaambiwa hawajacheza na mtu. Ohio State waliwapiga 38-15, Notre Dame wakawatoa 27-17, na waliosema "si tulisema?" wakajaa kila mahali. Msimu uliofuata kocha Curt Cignetti akaanza tena na vibonde: Old Dominion, Kennesaw State, Indiana State, zote nyumbani. Kejeli zile zile. Safari hii wakaifunga Oregon kwao 30-20, Ohio State 13-10, na kwenye Rose Bowl wakakutana na nani? Alabama wa ratiba ngumu. 38-3. Wakamaliza 16-0, ubingwa wa taifa kwa 27-21 dhidi ya Miami.

Sisemi vibonde vinajenga mabingwa. Ratiba laini inakunyima ushahidi tu. Haikufanyi dhaifu, na watu wanasoma ukosefu wa ushahidi kama ushahidi wa udhaifu. Chaguo langu: nguvu ya rekodi kwa kupanga nani anaingia, viwango vya nguvu kwa kupanga nani acheze wapi. Na jicho libaki kwa watangazaji.

Bandari_Boy (Nashville)

Kibonde naye ana siku yake. Notre Dame waliwalipa Northern Illinois dola milioni 1.4 mwaka 2024 waje kuchapwa South Bend. Wakaja, wakashinda 16-14, wakaondoka na hundi. Na Notre Dame huyo huyo akafika fainali.

Shangazi_Dallas

Hahaha, na angekuwa na jina dogo kipigo kile kingemmaliza Septemba.

MtuWaPangani

Bi_Takwimu, swali moja la mwisho. SEC wametangaza kuanzia 2026 watacheza mechi tisa za konferensi badala ya nane. Si ndiyo wanajichimbia shimo?

Bi_Takwimu

Timu 16, mechi moja ya ziada kila timu, ni mechi nane zaidi za wao kwa wao. Kwa hiyo vipigo vinane vya lazima ambavyo zamani vingeweza kuwa ushindi dhidi ya akina Mercer. Mwaka 2024, baada ya Alabama kuachwa, mkurugenzi wao wa michezo alisema hadharani kwamba itabidi watafakari ni mechi ngapi ngumu za nje ya konferensi zina maana kwao. Agosti 2025, mwezi ule ule SEC walipotangaza huu uamuzi wa mechi tisa, kamati ilitangaza kipimo kipya kinachompa timu thawabu zaidi kwa kumfunga mpinzani mzuri na kumpunguzia adhabu ya kufungwa naye. Ukiviweka hivyo viwili pamoja utaona nani alikuwa anamsubiri nani.

nimekaa_pale

Kwa hiyo 9-3 za SEC zitakuwa tele Desemba. Naleta kiti kabisa.