Rangi ya kuchubuka kwenye kabati la zamani: msasa, mshumaa au gundi?

MjukuuWaMarangu (Moshi)
Wakuu, habari za jioni. Nimeshusha kutoka Marangu kabati la vyombo la marehemu bibi, yale ya vioo juu na milango miwili chini, pamoja na meza ndogo ya paini. Nina vyumba viwili vya wageni hapa Rau, nataka fanicha ionekane imekaa miaka mingi: juu rangi ya krimu, pembeni imechubuka, rangi ya chini inachungulia. Kabati lina rangi ya mafuta ya kijani, na sijui limepigwa mara ngapi. Nimesikia njia tatu: kupaka rangi mbili kisha kuchubua kwa msasa, kusugua mshumaa katikati ya rangi mbili, na gundi inayopasua rangi. Ipi inamfaa mtu ambaye hajawahi kushika brashi? Na ile rangi ya chaki ya kuagiza ina ulazima?

FundiSakina (Arusha)
Pole kwa msiba, hata kama ni wa zamani. Ila niruhusu nicheke kidogo. Wateja wananiletea makabati yaliyochubuka niyafanye mapya, wewe unataka lichubuke na uko tayari kulipia!

Kabla hujachagua njia, jua ni mbao gani. Lala chini, kwangua kidogo ndani ya mguu wa nyuma kwa kisu. Ukikuta kahawia ya dhahabu yenye michirizi myekundu, huenda ni mninga. Mimi mninga siupaki rangi hata nikilipwa mara mbili, naondoa ya zamani napiga vanishi basi. Paini ni habari nyingine, hiyo ichubue utakavyo.

Msasa ndiyo njia rahisi kwa anayeanza. Paka rangi ya chini mara mbili, acha ikauke usiku kucha, paka ya juu, kesho yake piga msasa namba 120 kwenye kingo, malizia na 220 ulio laini zaidi. Ukikosea unapaka tena.

DadaNjiro
Fundi, hapo kwenye msasa ngoja kwanza. Mleta uzi amesema rangi ya mafuta ya kijani na hajui umri wake. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa madini ya risasi, na za njano na kijani zilikuwa miongoni mwake. Ukipiga msasa mkavu, vumbi linaingia puani mwako na kwenye zulia ambalo mtoto atatambaa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Halafu fikiria: yeye anataka rangi ya chini ichungulie. Akichubua mpaka kwenye ile kijani ya bibi, anaifungulia mlango rangi ambayo ingekaa imefunikwa.

FundiSakina
Hapo umenishika. Sisi hapa karakana tunapiga mkavu kila siku, tukifika nyumbani tunakohoa tunasema ni vumbi la Arusha.

BintiKiborloni
Ndiyo maana kwa kabati mimi nasema mshumaa. Nimefanya makabati mawili na viti sita, nieleze ninavyofanya.

Kwanza osha kwa maji na sabuni, maana mafuta ya jikoni yapo hata kama huyaoni. Kisha chukua msasa wa maji, ule mweusi, uloweke na upitishe kidogo tu ili kuondoa kung'aa. Huchubui, unatafuta rangi mpya ipate pa kushika. Vaa barakoa, futa tope kwa matambara na uyatupe, usiyafue na nguo za watoto. Baada ya hapo piga praima, yaani rangi ya msingi, inayoshika juu ya rangi ya mafuta. Wengi wanairuka hatua hii, halafu baada ya mwezi rangi inatoka kama ganda la ndizi.

Sasa paka rangi yako MPYA ya chini, tuseme bluu iliyopauka. Ikikauka kabisa, chukua mshumaa wa kawaida na usugue pale tu unapotaka pachubuke. Paka krimu juu. Ikikauka, pitisha kisu butu cha kuondolea rangi au kitambaa kigumu. Penye nta krimu haikushika, inatoka yenyewe na bluu inabaki. Kijani ya zamani haiguswi.

Angalizo moja: futa nta yote iliyobaki kabla ya vanishi. Vanishi haipandi juu ya nta, utapata madoa kama ukurutu.

MzeeWaPasua
Na usisugue mshumaa kila mahali kama mtu anayepaka siagi mkate! Ndipo vitu vinapoonekana vya uongo. Fanicha huchakaa pale inapoguswa: ukingo wa mlango karibu na kishikio, pembe za chini zinazogongwa na fagio, reli ya kiti unapoegesha miguu. Katikati ya mlango hakuna mtu anayepagusa. Nimeona meza kwenye mgahawa mmoja hapa mjini imechubuliwa madoa duara duara yanayolingana, utadhani chui.

Kijana_wa_Tengeru
Gundi je? Nimeona video, mipasuko inavutia kweli.

BintiKiborloni
Inavutia, lakini haina huruma. Unapaka gundi nyeupe ya mbao, unasubiri mpaka ukigusa inanata bila kulowesha kidole, halafu unapaka rangi ya maji pigo moja, upande mmoja, bila kurudia. Ukirudia umeiharibu. Gundi ikishakauka kabisa, rangi haipasuki tena, na Januari jua la Moshi linakuwahi. Mimi mlango wa kwanza ulinishinda, nusu yake ilipasuka na nusu ikabaki laini kama uso wa mtoto. Gundi iache kwa fremu ya picha au trei.

DadaNjiro
Kuhusu rangi ya chaki: ile yenye jina kubwa ilibuniwa na Annie Sloan wa Uingereza mwaka 1990, na sifa yake ni kukauka bila kung'aa na kuchubuka kirahisi. Kwa bei ya lita moja ya kuagiza unanunua ndoo ya lita nne ya rangi ya maji ya hapa na chenji inabaki. Tengeneza yako: theluthi ya kikombe cha plasta ya jasi, ile ya mafundi dari, koroga na theluthi ya kikombe cha maji mpaka mabonge yaishe, ndipo uchanganye na kikombe kimoja cha rangi ya maji isiyong'aa. Changanya kidogo kidogo, inaganda. Na msiichanganye na chokaa ya kupakia ukuta, ile inaunguza ngozi na inaweza kuharibu rangi.

FundiSakina
Juu ya meza usiweke nta, kikombe cha chai ya moto kikikaa kinaacha duara. Piga vanishi ya maji, maana ya mafuta itageuza krimu yako kuwa njano kama meno ya mvuta sigara. Kabati ndiyo lipate nta ya nyuki. Iyeyushe kwenye bakuli juu ya maji ya moto, ITOE MOTONI, kisha tia tapentaini, nta moja kwa tapentaini tatu.

MjukuuWaMarangu
Mrejesho, wiki tatu baadaye.

Nilikwangua mguu wa nyuma: siyo mninga, fundi wa jirani anasema ni mkamfa. Nikaenda na mshumaa. Siku ya kwanza niliishia kuosha tu, maji yalitoka kama ya kuoshea sufuria ya machalari.

Jambo moja ambalo sikuliona mpaka nilipoosha: mlango wa kulia, chini kidogo ya kishikio, kijani ilikuwa imeshaisha yenyewe hadi kwenye mbao, mviringo mdogo wa kutosha kidole gumba. Bibi alikuwa akiusukuma hapo ufunge, maana ulikuwa unakwama. Mzee wa Pasua, nilikufuata: mshumaa nilisugua hapo, kwenye kingo mbili na pembe za chini, basi. Krimu ilitoka vizuri, isipokuwa pembe moja niliyosahau kufuta nta, na vanishi ikafanya ukurutu kama nilivyoambiwa.

MzeeWaPasua
Na mlango, bado unakwama?

MjukuuWaMarangu
Bado, mzee. Fundi alitaka kuupiga randa, nikamkataza. Meza ya paini naianza Jumamosi kama mvua itakatika, hiyo kwa msasa.