Ugali baada ya miaka 50: unga wa pakiti, posho mili au wimbi?

mama_umoja
Habari zenu wadau. Niko na miaka 53, mwezi jana nimepimwa sukari kliniki nikaambiwa imeanza kupanda, haijafika kisukari bado lakini nisiichezee, na presha nayo iko juu kidogo. Mzee wangu ako 58, hana ugonjwa ila mikono na miguu imekonda sana. Kwetu jioni ni ugali, hiyo haibadiliki. Sasa kati ya unga mweupe wa pakiti, wa posho mili na wa wimbi, tushike gani? Wimbi naona bei iko juu.

jirani_kangemi
Posho mili bila kufikiria mara mbili. Mimi nanunua mahindi nasagisha bila kukoboa, pumba na kiini vinabaki, faiba iko, tumbo inafanya kazi na ugali kidogo tu unashiba. Lakini chagua mahindi vizuri, yakiwa na unyevu ama harufu ya ukungu achana nayo kabisa, sumu ya aflatoksini haionekani na kupika hakuimalizi. Hata pakiti si kinga, 2019 KEBS, shirika la viwango la Kenya, ilisimamisha unga wa kampuni kadhaa juu ya hiyo hiyo.

nesi_mstaafu
Mama, kuna kitu watu husahau. Unga wa pakiti tangu 2012 sheria inataka uongezwe madini na vitamini, kuna chuma, zinki, vitamini A, B12. Wa posho mili kwa kawaida hauna. Sisemi urudi kwa mweupe, nasema ukihamia posho mili basi mayai, samaki na managu visikose. B12 hasa, maana umri ukisonga mwili unaichukua kwa shida, na mtu akiwekwa kwa metformin, ile dawa ya kisukari, B12 inaweza kushuka zaidi.

shosh_githurai
Mimi ni wa wimbi, niko 67. Gramu 100 za wimbi ziko na kalsiamu zaidi ya miligramu 300, mahindi hayakaribii hapo, na sisi akina mama hedhi ikishakatika mifupa inaisha haraka. Lakini binti yangu usidanganywe na rangi. Niko na kamashine ka kupima sukari nyumbani, nikila ugali mkubwa wa wimbi sukari inapanda tu, nikila wa saizi ya ngumi na mboga nusu sahani inatulia. Na uji wa wimbi ukijaza sukari umeharibu kila kitu. Bei mimi nachanganya, wimbi kilo moja mahindi kilo moja.

baba_kayole
Hapa mnabishana unga na huyo mzee anakonda! Misuli inapungua na umri, na ugali wa aina yoyote peke yake hauirudishi. Wazee wanashauriwa protini gramu 1 mpaka 1.2 kwa kila kilo ya mwili, so mtu wa kilo 70 anahitaji 70 mpaka 84 kwa siku. Yai moja ni kama 6. Sasa asubuhi chai na mkate, mchana chapati na supu nyepesi, atazitoa wapi? Mpe mayai asubuhi, ndengu ama maharagwe mchana, omena jioni, na azile na mifupa yake. Na atembee, apande ngazi, abebe vitu.

nesi_mstaafu
Nakubaliana na baba_kayole, ila figo zipimwe kwanza kabla ya kuongeza protini hivyo. Na mama_umoja kwa presha yako, chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, na hapo hesabu vile viungo vya mchuzi vya mchemraba na magadi unayoweka kwa kunde, zote zina sodiamu.

mama_umoja
Kumbe magadi! Mimi huweka kila siku jamani. Asanteni sana, nimeamua nachanganya kama shosh, na sahani nitaipunguza ugali mimi mwenyewe, mzee nitamwanzishia mayai tukishapima figo. Jumamosi naenda Marikiti. Shosh, wimbi yenye mchanga unaisafisha aje?

shosh_githurai
Pepeta kwanza, halafu osha kwa beseni ukiinua wimbi kwa mkono kidogo kidogo, mchanga unabaki chini. Rudia mara tatu. Anika kwa jua mpaka ikauke kabisa ndio upeleke mili, ikienda na unyevu unga utashika ukungu kabla ya wiki mbili.