Kiini cheupe: tununue mahindi ya njano, au tutumie mlonge na lusina?

Mfugaji wa Nzuguni
Ndugu wafugaji, shikamooni wakubwa. Wateja wangu, hasa mama lishe wa hapa Dodoma mjini, wanalalamika kwamba mayai yangu yana kiini cheupe, ilhali kuku wana afya na wanataga vizuri. Ninawalisha mahindi meupe, mtama, pumba, mashudu ya alizeti na dagaa. Nimeshauriwa ninunue mahindi ya njano, au nichanganye majani ya mlonge, au ya lusina (mti wa malisho ya mifugo). Naomba tulinganishe.

Mchanganyaji wa Chamwino
Marahaba. Kuku hawezi kujitengenezea rangi ya kiini. Huipata katika chakula, hasa luteini na zeazanthini, yaani rangi za njano za mimea, ambazo mahindi meupe na mtama karibu hayana kabisa. Mahindi ya njano ndiyo njia nyepesi, kwa sababu yanashika nafasi ya meupe kilo kwa kilo bila kuvuruga mchanganyiko. Tatizo ni kuyapata, maana wakulima wetu hulima meupe kwa ajili ya ugali.

Mama Vifaranga, Mpwapwa
Mimi nauchagua mlonge bila kusita. Mwanangu, kiangazi chetu ni kirefu, mchicha na mlenda hukauka, lakini mlonge huendelea kuwa na majani. Yakaushe kivulini, kwani jua kali huharibu rangi ileile unayoitafuta, kisha yasage na uyahifadhi mahali pakavu pasipo na mwanga. Kilo 5 katika kila kilo 100 za chakula zinatosha. Ukizidisha sana, nyuzinyuzi huwa nyingi na utagaji unaweza kushuka. Lusina nayo hutia rangi vizuri, ila ina sumu ya mimosini, ambayo wanyama wanaocheua huivumilia kuliko kuku. Palipo na mlonge, sioni sababu ya kuihangaikia.

Mfugaji wa Nzuguni
Nashukuru, mama. Je, karoti na viazi lishe? Na nisubiri muda gani?

Mchanganyaji wa Chamwino
Hivyo vina betakarotini, yaani rangi ya chungwa ya mimea, kwa wingi, lakini kuku huigeuza sehemu kubwa kuwa vitamini A, kwa hiyo kiini hubadilika kidogo tu. Kuhusu muda, kiini hukua kwa kasi katika siku 10 hivi za mwisho kabla ya yai kutagwa. Usihukumu kabla ya wiki 2. Epuka mashudu ya pamba, kwa kuwa gosipoli, sumu ya asili iliyomo kwenye mbegu za pamba, huweza kukifanya kiini kiwe na rangi ya kijani-kahawia.

Daktari wa Mifugo, Kongwa
Naomba niongeze jambo ambalo naona linasahaulika. Kiini cheupe si dalili ya yai duni, kwa sababu protini na mafuta yake hayategemei rangi hiyo, na wateja waelezwe hivyo kwa upole. Lakini kiini kikipauka ghafla wakati chakula hakijabadilika, chunguza koksidiosisi (ugonjwa wa vimelea vya utumbo), minyoo na ukungu katika nafaka, kwani hudhoofisha ufyonzwaji wa rangi tumboni. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu huo, iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, kwa hiyo mahindi yaliyoota ukungu yasipelekwe bandani kwa kisingizio kwamba ni ya kuku.