Naomba ushauri: lebo za vyakula kwa mgonjwa wa kisukari na presha

Habari zenu wakuu. Mama yangu ana kisukari na presha, juzi kliniki nesi katuambia tuwe tunasoma lebo kabla ya kununua, sasa jana nimesimama dukani na boksi la juisi nikabaki natoa macho tu. Mbele wameandika haijaongezwa sukari, nyuma kwenye kale kajedwali sukari gramu 11 kwa kila mililita 100. Nikapiga hesabu, glasi ya mililita 250 ni gramu 27 na nusu, na kijiko cha chai ni kama gramu 4, yani karibu vijiko 7! Sasa hapo nafuata ya mbele au ya nyuma?

Halafu chumvi ndo imenichanganya kabisa. Zile tambi za pakiti za kuchemsha fasta hawaandiki chumvi, wanaandika sodiamu miligramu 800 kwa kipimo kimoja, afu ukisoma vizuri pakiti moja ina vipimo viwili. Nesi alisema chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, na sodiamu unazidisha mara 2.5, kwa hiyo pakiti moja tu ni gramu 4 na bado hajagusa ugali na mboga. Nimekosea hesabu au ndo hivyo?

Wenye wagonjwa nyumbani, asubuhi mnawapa kitafunwa gani na chai? Mama anapenda sana biskuti, sitaki kumnyima kila kitu jamani.