Tisheti za klabu ya roboti: gumzo la wazazi, Tabata

Mwl. Rehema: Wazazi wangu, habari za jioni. Mashindano ni mwezi ujao na roboti sasa inafuata mstari bila kuyumba. Kimebaki kitu kimoja ambacho watoto wananiuliza kila kipindi: tisheti za klabu. Watoto ni 24, walezi tuko 3, jumla 27. Naomba tukubaliane hapahapa kabla ya Ijumaa, maana fundi naye anahitaji muda wake.

Mama Neema: Nzuri mwalimu, pole na majukumu. Mimi naunga mkono. Mara iliyopita nusu walivaa sare, nusu nguo za nyumbani, ukumbini huwezi kujua nani wetu.

Baba Kelvin: Shikamooni wakubwa. Nina habari njema. Bosi wangu mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Buguruni yuko tayari kulipia tisheti zote. Anachotaka ni nembo ya duka ikae kifuani, kubwa, ionekane.

Mama Abdul: Alhamdulillah! Basi imeisha.

Babu wa Salma: Marahaba wanangu.

Baba Ibra: Subirini kidogo. Nembo ya duka ikikaa kifuani, jina la klabu litakaa wapi?

Baba Kelvin: Mgongoni.

Mwl. Rehema: Baba Kelvin, kwanza mfikishie bosi shukrani zetu, si kila mfanyabiashara anakumbuka watoto wa roboti. Ila hapo kifuani nasita, na nitasema kwa nini. Kwenye mashindano majaji wanapita meza kwa meza. Mtoto anasimama uso kwa uso na jaji, anaeleza kitambuzi kinasomaje mstari mweusi, kwa nini mota ya kushoto inapunguzwa kasi kwenye kona. Jaji akishusha macho kifuani, asome jina la klabu. Kazi ni ya hawa watoto. Hata kwenye mashindano ya FIRST, taasisi aliyoianzisha Dean Kamen huko Marekani mwaka 1989, timu nyingi huweka jina na namba yao mahali pa kuonekana haraka, na wadhamini wanapangwa mgongoni, tena wengine wengi tu. Wadhamini hawakimbii kwa sababu hiyo.

Mama Neema: Mwalimu umesema.

Mama Abdul: Mimi naogopa tukijivuta hela ipotee. Wengine hapa 13,000 ya tisheti moja ni ya kujipanga.

Baba Kelvin: Namwelewa mwalimu. Kesho asubuhi naongea naye ana kwa ana, mambo haya kwa simu hayaendi.

Baba Ibra: Wakati tunasubiri hilo, tuzungumze kitambaa. Napendekeza poliesta ile ya jezi. Nyepesi, inakauka upesi, picha inaprintiwa ya rangi zote unazotaka.

Dada Zai: Naomba niingie hapo baba, mimi kazi yangu ni hii, niko na mafundi Kariakoo kila siku. Ile ya rangi zote ni sublimesheni. Wino unapigwa joto la kama nyuzi 200, unageuka mvuke na kuingia ndani ya nyuzi za poliesta. Nzuri kweli, haibanduki. Lakini haifanyi kazi kwenye pamba, na kitambaa kikiwa cha giza haionekani. Ya pili ni stika ya kugandamiza kwa pasi ya moto, inakubali kitambaa chochote, ila kwa tisheti 27 bei inapanda, na ikigandamizwa haraka haraka inaanza kubanduka pembeni baada ya kufuliwa. Ya tatu ni skrini, wino unasukumwa kupitia wavu wa fremu hadi kwenye kitambaa. Kila rangi ina fremu yake, na fremu unailipia mara moja, uchape 5 au 200. Kwa idadi yetu, rangi moja kwa skrini ndiyo inalipa.

Babu wa Salma: Chukueni pamba. Mimi nimefanya kazi Urafiki pale Ubungo, kile kiwanda kilichojengwa kwa msaada wa Wachina kikaanza mwaka 1968. Nguo naijua kwa kidole. Joto la Dar na unyevu huu wa pwani, mtoto aliyebanwa na poliesta kutwa nzima ukumbini atatoka na vipele.

Baba Ibra: Mzee, wachezaji mbona wanavaa?

Babu wa Salma: Wachezaji wanakimbia upepo unawapita. Watoto hawa wanainama mezani.

Mwl. Rehema: Na kuna jambo jingine zito zaidi. Watoto wanalehemu. Kile chuma cha kulehemu tunakitumia kwenye nyuzi kama 350. Poliesta inayeyuka kwenye 260 hivi, na ikiyeyuka inaganda kwenye ngozi. Pamba inaungua pale ilipoguswa, basi, haigandi. Kwangu hilo peke yake linatosha. Na isiwe pana sana: mkono wa tisheti ukining'inia juu ya gia zinazozunguka, mtoto anavutwa.

Baba Ibra: Hapo nimekubali. Pamba.

Babu wa Salma: Zai mwanangu, ukifika kwa fundi usikubali maneno ya "pamba tupu". Chomoa uzi mmoja upindoni, uwashe kiberiti. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na jivu lake linapukutika. Ukiona uzi unajikunja, unaacha punje ngumu nyeusi na harufu ya plastiki, hiyo imechanganywa. Na uliza kama kitambaa kimeshafuliwa. Kama bado, chukua saizi moja juu, kitarudi.

Dada Zai: Sawa babu. Nitaomba ya gramu 180 kwa mita ya mraba. Ya 140 ni nafuu ila inaonyesha mwili, mabinti hawatakuwa huru.

Mama Abdul: Ahsante kwa kulisema hilo Zai.

Mama wa Salma: Na mimi naomba mikono mirefu iwepo. Salma anavaa hijabu, sitaki avae fulana nyingine ndani kwa joto hili.

Mwl. Rehema: Mikono mirefu ipo kwa yeyote anayetaka, asiulizwe sababu. Zai, inaongeza kiasi gani?

Dada Zai: Fundi amesema 2,000 juu ya 13,000.

Baba Ibra: Rangi je? Mimi nasema nyekundu, inawaka!

Baba Kelvin: Nyekundu ni Simba hiyo baba. Kijani na njano.

Mama Neema: Na hiyo ni Yanga. Jamani, watoto watashangiliwa na nusu ya ukumbi tu.

Mama wa Salma: Bluu na nyeupe?

Baba Ibra: Azam.

Mama Neema: Shikamooni wote. Ni mimi Neema, natumia simu ya mama, amenipa ruhusa. Sisi tulishapiga kura klabuni. Tulichagua bluu ya giza na maandishi ya rangi ya chungwa. Bluu haionyeshi mafuta ya gia, na chungwa inaonekana mbali. Kifuani tunataka jina la klabu na mchoro wa roboti yetu, Salma ameuchora. Hatutaki picha ya roboti ya intaneti, ile haifanani na yetu, yetu ina magurudumu matatu.

Babu wa Salma: Marahaba mjukuu wangu. Vizuri sana.

Dada Zai: Neema, mchoro nimeuona, ni mzuri, mistari imenyooka na utachapika bila shida. Nikuambie kitu kimoja cha kiufundi. Chungwa ukiichapa moja kwa moja juu ya bluu ya giza inafifia, inakuwa kama kutu. Ili iwake, fundi lazima achape kwanza nyeupe chini, halafu chungwa juu yake. Hapo ni fremu mbili na kazi mara mbili, bei inapanda.

Mama Neema: Ni Neema tena. Je tukigeuza? Tisheti iwe ya chungwa, maandishi ndiyo yawe bluu ya giza?

Dada Zai: Hapo fremu moja inatosha! Wino wa giza juu ya kitambaa cha kung'aa hauhitaji kitu chini.

Mwl. Rehema: Na mimi nitawahesabu kwa urahisi. Kituo cha mwendokasi pale Kimara jioni, watoto 24 katikati ya umati, niamini, chungwa ni baraka. Neema, waulize wenzako kesho asubuhi. Mlipiga kura kwa ile, hii nayo waamue wao.

Baba Ibra: Na majina ya watoto mgongoni? Ibra ananisumbua.

Mwl. Rehema: Hapana baba. Mtu asiyemjua mtoto akisoma jina mgongoni, anamwita kwa jina lake kama ndugu. Sitaki hilo njiani. Mwaka pia tusiandike. Tisheti ikimbana mtoto, imfae atakayejiunga baadaye.

Jumanne

Baba Kelvin: Nimetoka kwa bosi. Nilimwonyesha mchoro wa Salma kwenye simu, akauangalia muda mrefu. Amekubali nembo ikae mgongoni, chini ya shingo, upana wa kiganja. Atatoa 200,000, si zote kama mwanzo. Na ameomba watoto wapeleke roboti dukani siku moja wateja waione.

Mama Neema: Tutapeleka! Mwambie ahsante sana. Na Neema anasema wamekubali chungwa wote.

Mama wa Salma: Mungu ambariki. Salma hajalala jana kwa ajili ya huo mchoro.

Dada Zai: Nembo ya mgongoni ni fremu nyingine, lakini fundi ameniachia fremu zote mbili ndani ya bei kwa sababu ya idadi. Hesabu: 27 kwa 13,000 ni 351,000. Mikono mirefu walioomba ni 6, ongeza 12,000. Jumla 363,000. Toa 200,000, tunabaki na 163,000.

Mama Abdul: Kama mweka hazina naandaa orodha, nitaibandika hapa tuanze kujaza. 1. Mama Abdul…

Mwl. Rehema: Mama Abdul dada yangu, naomba safari hii orodha isibandikwe. Najua ndiyo kawaida yetu kwenye misiba na harusi, na inasaidia. Lakini hapa mtoto mwenye simu ya mzazi mkononi anasoma. Ataona jina la baba yake halina alama ya vema, na kesho hatakuja klabuni. Nimeshaona mtoto akiacha kuja kwa kitu kidogo kuliko hicho, na alikuwa anajua kuandika programu kuliko wote. Kila mtu akutumie kwa uwezo wake, 2,000, 20,000, wewe utuambie jumla tu. Tisheti ya kila mtoto itaagizwa, awe mzazi ametuma au hajatuma.

Baba Ibra: Naunga mkono. Mimi natuma sasa hivi, na ya ziada.

Babu wa Salma: Na mimi.

Mama Abdul: Nimeelewa mwalimu. Jumla tu.

Alhamisi

Mama Abdul: Jumla 171,000. Nimehesabu mara mbili. Inazidi 8,000.

Mwl. Rehema: Mungu awabariki. Hiyo 8,000 inunue risasi ya kulehemu.

Dada Zai: Nimempa fundi kianzio, na uzi nimeuchoma mbele yake. Jivu limepukutika babu! Kesho anachapa moja ya mfano, tuione kwanza kabla hajaendelea na nyingine. Zikija, mzifue kwa kuzigeuza ndani nje, mzianike kivulini, chungwa haipendi jua kali. Pasi isipite juu ya maandishi. Saizi zote ninazo isipokuwa ya Abdul.

Mama Abdul: Abdul ni 14 ya watoto. Mikono mifupi.