Tupeane uzoefu: rafiki wa kushukuriwa kwenye kripto anafanya kazi gani hasa?

Wana Tanga, kila kikundi kina wapiga kelele wa bei, na kina mmoja anayekaa na mgeni mpaka aelewe. Huyo wa pili tumtaje kwa kazi zake, jina abaki nalo.

Wa Ngamiani: Anaanza na penseli, kwa sababu wino unavuja na unyevu wetu wa pwani. Maneno 12 au 24 ya kurejeshea pochi, yaani programu ya kushikia sarafu zako, yaandikwe kwa mpangilio wake, nakala mbili, nyumba mbili tofauti. Mgeni akiandika, yeye anageuza uso. Kisha, na hapa ndipo wengi wanaruka, pochi inafutwa ikiwa bado tupu na kurejeshwa kwa maneno yale yale. Ikikataa, au ikitoa anwani nyingine, karatasi ina kosa. Afadhali lionekane sasa.

Wa Chumbageni: Mie namvulia kofia anayefundisha mitandao ya kripto. USDT, sarafu inayofuata thamani ya dola, hupita mitandao tofauti: ya Tron, anwani inaanza na T. Ya Ethereum inaanza na 0x, na 0x hiyo hiyo hutumika kwenye mitandao mingine kadhaa, kwa hiyo kosa halionekani kwa macho. Tuma kidogo kwanza, kifike, ndipo kiasi kamili. Kwenye Tron weka na TRX, sarafu ya mtandao huo, ya kulipia ada, la sivyo USDT imejaa na haitoki. Tena usinakili anwani kutoka kwenye historia ya miamala: matapeli hutengeneza inayofanana mwanzo na mwisho, wakakutumia kiasi kidogo mno ili anwani yao ikae pale juu ikikungoja. Soma na herufi za katikati.

Wa Makorora: Kwenye kuuziana mtu kwa mtu: usiachie sarafu kwa kuona ujumbe wa malipo, ujumbe unaghushiwa. Fungua menyu ya pesa za simu, tazama salio. Jina la mtumaji lisipofanana na la mnunuzi, rudisha hela. Huenda ni ya wizi, na laini itakayofungwa ni yako.

Wa Raskazone: Na asiyeficha sheria. Tangazo la Benki Kuu la 2019 lilisema kripto si fedha halali nchini. Sheria ya Fedha ya 2024 ikaleta kodi ya zuio ya 3% kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali.

Wa Ngamiani tena: Shukrani zake ziwe kahawa na kashata barazani. Msimwombe anwani ya pochi kikundini mumchangie: akishaibandika, kila mtu anasoma salio lake na miamala yote iliyopita.